Tukiikodolea macho soya, ufuta utatuponyoka

VITA vya panzi, furaha ya kunguru. Usemi huo umesikika mara nyingi miongoni mwa wafanyabiashara wa mazao tangu Marekani na China zilipoanza kupandishiana ushuru. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleweka. Mkubwa mmoja akisusia soya ya mwenzake, lazima ainunue kwingine. Kwa nini isiwe Tanzania, nchi iliyoruhusiwa kuuza soya China tangu mwaka 2020, na ambayo tangu Desemba 1, 2024 bidhaa zake zinaingia katika soko hilo bila kutozwa ushuru wa forodha?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Sisi, baada ya kulitazama jambo hili kwa mizani ya mkulima, tunaona kwamba kunguru wa vita hii ameshapatikana zamani. Yuko Brazil, ameshiba soya, na sasa ameanza kuutazama ufuta wetu. Hilo la pili ndilo linalopaswa kutunyima usingizi, hasa kwa wananchi wa Lindi, Mtwara, Ruvuma, Songwe na Manyara ambao ada za shule, mabati ya nyumba na mbegu za msimu unaofuata hutokana na zao hilo.

Kiti cha soya kina mwenyewe

Tuanze na takwimu, maana biashara bila hesabu ni porojo. Mwaka 2024 China iliagiza takriban tani milioni 105 za soya kutoka nje. Zaidi ya asilimia 70 zilitoka Brazil na kiasi cha moja ya tano kikatoka Marekani. Haikuwa hivyo siku zote. Marekani ilikuwa na sehemu kubwa zaidi kabla ya Julai 2018, pale China ilipoiwekea soya ya nchi hiyo ushuru wa nyongeza wa asilimia 25 ikijibu ushuru uliowekwa na Rais Donald Trump. Brazil ilikuwa na mashamba, mitambo, maghala na bandari tayari. Mnunuzi alipogeuza shingo, akamkuta muuzaji amesimama na mzigo mkononi.

Mwaka 2025 mambo yakajirudia kwa kishindo zaidi. Mwezi Aprili ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145, na China ikajibu kwa asilimia 125, kabla ya pande hizo mbili kupunguza makali kwa makubaliano ya Geneva mwezi Mei. Ilipofika Septemba mwaka huo, China haikuagiza hata tani moja ya soya kutoka Marekani. Kisha, Oktoba 30, 2025, Rais Trump na Rais Xi Jinping walikutana Busan, Korea Kusini. Baada ya mkutano huo Marekani ilitangaza kuwa China imekubali kununua tani milioni 12 kabla ya mwaka kwisha, na angalau tani milioni 25 kila mwaka kwa miaka mitatu.

Hapo pana somo. Nafasi iliyoachwa wazi na ugomvi wa wakubwa inaweza kuzibwa kwa kikao kimoja cha watu wawili. Mkulima aliyepanda kwa kutegemea ugomvi huo anaweza kuvuna siku wanayopatana.

Lakini hata kama wasingepatana, je, sisi tungeweza kukikalia kiti hicho? Tani milioni 105 kwa mwaka ni wastani wa tani 288,000 kwa siku. Meli moja ya kawaida ya nafaka hubeba kama tani 60,000. Ikiwa mkulima wetu mdogo anavuna tani moja kwa hekta, basi meli hiyo moja inahitaji hekta 60,000 za soya safi, iliyokauka, iliyokusanywa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Na baada ya jasho lote hilo, shehena hiyo haitoshi hata robo ya mahitaji ya siku moja ya China. Mkulima wa Brazil anavuna zaidi ya tani tatu kwa hekta ileile.

Kisha kuna bei. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025 tani moja ya soya katika soko la Chicago iliuzwa kwa chini kidogo ya dola 400 za Marekani, sawa na kama shilingi 1,000 kwa kilo. Ukitoa humo gharama ya lori kutoka Namtumbo hadi bandarini, magunia, ushuru wa halmashauri, vibali, bandari, meli na faida ya msafirishaji, kinachobaki kwa aliyeshika jembe ni kidogo mno. Soya ni zao la watu wenye mashamba makubwa na mitambo mikubwa. Anayeuza kwa faida ndogo lazima auze kwa wingi, na wingi huo sisi hatunao.

Hatusemi wakulima waache soya. Tunasema soya yetu ina soko karibu zaidi na kwetu kuliko Shanghai. Wafugaji wa kuku wanalia kila siku juu ya bei ya chakula cha mifugo, na mashudu ya soya ndiyo kiini cha chakula hicho. Aidha, nchi bado inaagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Kiwanda cha kukamua kilichopo Iringa au Mbeya kinampunguzia mkulima safari ya lori na kinaacha mafuta na mashudu hapahapa nchini. Kusafirisha soya ghafi kuvuka bahari, huku tukiagiza mafuta kutoka upande wa pili wa bahari hiyohiyo, ni sawa na kuuza ng'ombe kisha kununua maziwa kwa jirani.

Ufuta ndio mlango wetu

Ufuta ni habari nyingine kabisa. China ndiyo mnunuzi mkubwa wa ufuta kuliko wote duniani, huagiza takriban tani milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa hutoka Afrika: Niger, Togo, Ethiopia, Sudan, Msumbiji na Tanzania. Tani ya ufuta huuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya soya, hivyo gharama ya lori na meli haimli mkulima kwa kiwango kilekile. Zao hili linavumilia mvua chache, linalimwa na familia kwenye ekari mbili tatu, na wanunuzi wa China wanaufahamu ufuta wa Tanzania kwa miaka mingi. Hapa sisi si wageni wa kubisha hodi.

Ndiyo maana habari moja ya Novemba 2024 ilistahili kurasa za mbele kuliko ilivyopata. Rais Xi alipoitembelea Brasília mwezi huo, China na Brazil zilitia saini itifaki kadhaa za kufungua soko la China kwa mazao mapya ya Brazil. Miongoni mwa mazao hayo ulikuwamo ufuta.

Nani asiyejua maana yake? Katika jimbo la Mato Grosso wakulima huvuna soya mapema, kisha shamba lilelile hupandwa ufuta kama zao la pili la msimu. Wanapanda kwa mashine, wanavuna kwa mashine, na ufuta wao haugusi mchanga. Meli na madalali waliouza soya yao wanajua njia ya kwenda China kama mtu anavyojua njia ya kisimani. Mgogoro wa China na Marekani umeisogeza China karibu zaidi na Brazil, na urafiki huo ulioanzia kwenye soya sasa unaingia kwenye zao letu. Kwa hiyo wanaosema vita hii inatuhusu wako sahihi. Wamekosea tu mahali inapotugusa.

Tunamshindaje mtu wa namna hiyo? Si kwa wingi. Tutamshinda kwa ubora, kwa kuaminika, na kwa kufika sokoni bila maneno. Na hapo, ni lazima tuambiane ukweli, tuna kasoro.

Mnunuzi wa ufuta huuliza kwanza usafi. Mikataba mingi hutaka usafi wa asilimia 98 au 99, yaani katika kila kilo 100, takataka zisizidi kilo moja au mbili. Sasa tazama safari ya ufuta wetu. Mkulima anaukata, anausimamisha ukauke, kisha anaupukutisha. Mwenye turubai anapukutisha juu ya turubai. Asiye nalo anapukutisha ardhini, na pale mchanga unaingia. Akifika kwenye chama cha msingi, AMCOS, ufuta wake unachanganywa kwenye lundo moja na wa jirani yake aliyepeta na kuchekecha usiku kucha. Mnadani lundo zima linapata bei moja. Msimu unaofuata yule jirani naye haoni sababu ya kupeta. Hivyo ndivyo ubora unavyokufa, na anayeuua ni mfumo unaomlipa mchafu sawa na msafi. Mvivu hapo ni mtu wa pembeni tu.

Mfumo wa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, umesaidia jambo moja kubwa: mkulima anaiona bei, na wanunuzi wanashindana waziwazi. Hilo tunalipongeza bila kigugumizi. Lakini mnada unaopanga bei kwa lundo badala ya daraja ni nusu ya kazi. Mamlaka ya Udhibiti wa Nafaka na Mazao Mchanganyiko, COPRA, inapaswa kuikamilisha nusu ya pili.

Ushuru sifuri si mkataba wa bei

Kuna dhana nyingine inayohitaji kusahihishwa. Wengi wamelipokea tangazo la ushuru sifuri kana kwamba ni ahadi ya bei nzuri. Sivyo. Ushuru ni fedha anayolipa muagizaji kwenye forodha ya nchi yake. Ukiondolewa, nafuu hiyo inaweza kubaki mfukoni mwake, mfukoni mwa dalali, au ikamfikia mkulima, kutegemea nani ana nguvu ya kupatana bei. Zaidi ya hayo, hata kabla ya Desemba 2024 bidhaa zetu nyingi zilikuwa zimeshapata nafuu hiyo. Kilichotuchelewesha kilikuwa cheti cha afya ya mimea, usajili wa maghala na mashamba, na uwezo wa kutimiza masharti ya forodha ya China. Tazama parachichi. Itifaki ya kuuza parachichi letu China ilisainiwa wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Beijing Novemba 2022. Lakini wakulima wa Njombe na Rungwe wanajua kuwa kati ya saini na kontena la kwanza kuna ukaguzi wa shamba, wadudu, chumba cha baridi na makaratasi yasiyokwisha.

Na nafuu yenyewe haitabaki yetu peke yetu. Juni 2025 China ilitangaza kuwa inakusudia kuondoa ushuru kwa nchi zote 53 za Afrika zenye uhusiano wa kibalozi nayo, si zile maskini zaidi tu. Maana yake ni kwamba Kenya, ambayo parachichi lake lilipata soko la China mapema kuliko letu, nayo inaingia kwenye kundi la wasiolipa. Upendeleo tulioupata ni kama mvua za vuli: anayechelewa kupanda hailaumu mvua.

Mnunuzi mmoja ni hatari

Wakati tukihimiza ufuta uende China, hatutaki mtu atuelewe kuwa tunashauri mayai yote yawekwe katika kapu moja. Wakulima wa kusini hawajasahau mbaazi. Agosti 2017 India, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinunua karibu mbaazi zetu zote, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa uagizaji kutoka nje ili kuwalinda wakulima wake. Bei huku kwetu ilianguka kiasi kwamba wapo walioziacha shambani kwa kuwa gharama ya kuvuna ilizidi thamani ya mavuno. Hakuna aliyewakosea adabu Wahindi. Waliamua kwa masilahi yao, kama ambavyo nchi yoyote ingefanya.

China nayo inaamua kwa masilahi yake. Mwaka 2020 iliiwekea shayiri ya Australia ushuru wa zaidi ya asilimia 80, kwa maelezo kuwa iliuzwa kwa bei ya kutupa, wakati uhusiano wa kisiasa wa nchi hizo ukiwa umechafuka. Ushuru huo uliondolewa Agosti 2023. Australia ilisalimika kwa sababu ilikuwa na wanunuzi wengine wa kukimbilia. Sisi tunao Wajapani, ambao wamenunua ufuta wetu kwa muda mrefu na huulipia vizuri ule ulio safi. Wapo Waturuki pia. Soko hilo la pili na la tatu litunzwe hata katika msimu ambao Mchina anatoa bei ya juu.

Upande wa pili wa mizani

Uhusiano wetu na China umebadilika sura, na ni vizuri tukauona ulivyo sasa badala ya ulivyokuwa zama za Mwalimu Nyerere. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, na makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia kazini yako Gongo la Mboto hadi leo. Septemba 2025 reli hiyohiyo ilitiliwa saini ya aina nyingine: kampuni ya CCECC ya China imepewa kuiendesha kwa miaka 30 katika mradi wa dola bilioni 1.4. Undugu bado unatajwa kwenye hotuba, lakini karatasi ni ya biashara. Hatuoni kosa katika hilo. Biashara ina faida moja juu ya msaada: mtu anaruhusiwa kuuliza bei.

Basi na tuulize. Reli hiyo inapita Makambako na Mbeya, katikati ya nchi ya parachichi, mahindi na soya. Je, mabehewa yatakuwa ya shaba ya Zambia peke yake, au mkulima wa Njombe atapata behewa lenye ubaridi kwa bei anayoimudu? Swali hilo liulizwe mapema, kabla ratiba za treni hazijajaa mizigo ya wengine.

Upande wa bidhaa zinazoingia, kelele za Kariakoo zinajulikana. China ndiyo inayotuuzia bidhaa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, na kwa muda mrefu wafanyabiashara wazawa wamelalamika kuwa wageni wameshuka hadi kwenye uuzaji wa rejareja. Julai 28, 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Katika orodha hiyo, pamoja na maduka ya jumla na rejareja, umo ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo hadi miezi sita na kufutiwa kibali, na Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake.

Tunaiunga mkono nia ya amri hiyo kwa upande wa mashambani. Hata hivyo tunakumbusha jambo ambalo kila mwanakijiji analijua. Mnunuzi mgeni hakufika kijijini peke yake. Aliongozwa na mwenyeji. Na mkulima hakumuuzia kwa sababu hapendi mnada. Alimuuzia kwa sababu mwezi Machi, ufuta ukiwa bado kijani, mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na aliyekuwa na fedha taslimu mkononi alikuwa yule mlanguzi. Faini itamwondoa mgeni. Shida ya mwezi Machi itabaki palepale hadi mkulima apate mkopo mdogo wenye riba ya kibinadamu kupitia chama chake.

Nini kifanyike

Tunashauri mambo manne. Kwanza, ufuta upangwe kwa madaraja kwenye ghala la AMCOS, na kila daraja lipigiwe mnada wake. Turubai na chekeche ni vitu vya bei ndogo. Halmashauri zinazokata ushuru wa mazao zinaweza kuanza na hivyo kabla ya kununua gari jingine.

Pili, kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiongezewe uwezo wa kuzalisha na kusambaza mbegu bora za ufuta. Hatuwezi kushindana na Mato Grosso kwa mbegu iliyobaki kwenye kibuyu.

Tatu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iwe na wakaguzi wa kutosha karibu na maghala wakati wa msimu, ili kasoro ionekane Nachingwea na isionekane katika bandari ya ugenini ambako kurudisha mzigo ni kufilisika.

Nne, habari za soko zimfikie mkulima kabla ya kupanda. Mkulima wa Lindi anaamua ukubwa wa shamba lake mwanzoni mwa mwaka, wakati balozi zetu zinajua kilichosainiwa Beijing au Brasília miezi kadhaa kabla. Taarifa hiyo ikikaa kwenye faili haina tofauti na mbolea iliyofika baada ya mavuno.

Wakubwa wataendelea kugombana na kupatana, na hakuna hata siku moja watakayotuomba ushauri. Kilicho mikononi mwetu ni gunia la ufuta: lina mchanga au halina. Mnunuzi atakayelifungua gunia hilo hatajali tumeandika tahariri ngapi kuhusu urafiki. Atatia mkono, atachota, atautazama ufuta kwenye kiganja chake, kisha atataja bei.